Maji Yanayoingia, Maji Yanayotoka

3 Machi

Wifi yangu,

Ukiona mwandiko huu usidhani kaka yako amekufa. Yu mzima, anakula kwa mikono miwili, na baiskeli za watu zimejaa karakana hadi hakuna pa kukanyaga. Pacha wetu wameanza kung'oka meno na kila mmoja anadai jino lake ndilo lililotoka damu nyingi zaidi.

Najua mimi na wewe si watu wa kuandikiana. Tangu niolewe tunasalimiana kwa mdomo wa kaka yako: "Mwambie nimemsalimu," "Naye amekusalimu," basi, tumemaliza. Sikulaumu. Nami nina mdomo, na siku ya harusi niliutumia kuliko ilivyofaa. Lakini sasa maji yamenifika shingoni na sina pengine pa kukimbilia.

Mwaka jana wanafunzi wa chuo walikuja kupima kijito chetu. Walichota pale chini, maji yanapotoka kwenye mabwawa yangu ya samaki, wakaondoka. Mwezi uliopita majibu yakaja: kijito kina mabaki ya dawa za mifugo, zile antibiotiki. Kamati ya maji ikatazama juu ya pale walipochota, ikaona nini? Mabwawa yangu manne. Mwenyekiti akasimama akasema wazi kwamba ninawatia samaki dawa ili wasife nikakosa cha kuuza. Tarehe 20 Aprili kuna mkutano, na hoja ni moja tu: mabwawa ya Mama Pacha yafukiwe.

Wifi, sijawahi kutia dawa hata punje. Samaki wangu wanakula pumba na majani ya mboga, na akiumwa mmoja namtoa. Shimo la kwanza nilichimba nikiwa na mimba ya hawa pacha, watu wakacheka wakasema mimba imenipanda kichwani. Leo hao waliocheka wanakula samaki wangu. Wakiyafukia yale mabwawa, watakuwa wamenifukia na mimi.

Wewe ndiyo kazi yako, kupima maji. Nipimie. Na usinipimie kwa kuwa nimeolewa na kaka yako. Nipimie kama unavyompimia mtu usiyemjua.

Wako,
Mama Pacha


8 Machi

Wifi,

Barua imefika. Nimefurahi kusikia habari za watoto.

Nitakupimia. Mkuu wa maabara amekubali, kwa sababu tuna mashine mpya na tunatafuta maji ya kijito ya kuijaribia. Kwa hiyo usinishukuru mimi, ishukuru mashine.

Kwenye boksi la barafu utakuta chupa nane. Nne ujaze juu, pale kijito kinapoingia bwawa la kwanza. Nne ujaze chini, maji yanapotoka bwawa la mwisho. Suuza kila chupa mara tatu kwa maji ya hapo hapo, jaza, funga, andika alama kwa kalamu niliyoweka. Chupa ya tisa ina maji safi kutoka kwetu. Hiyo uifungue ukiwa kijitoni, uifunge, unirudishie. Barafu mpya utaipata kwa muuza maziwa. Boksi likabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi, mimi nitalipokea stendi.

Nina swali, nalo naomba lijibiwe bila hasira, maana nakujua. Je, hujawahi kutia dawa, hata mara moja, hata kwa kushauriwa na mtu? Tukipima itaonekana. Mashine hii inaona dawa hata iwe kidogo kiasi gani, kidogo kuliko chumvi utakayoshika kwa ncha ya kucha ukaitia kwenye kisima. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mashine hii ni fupi zaidi.

Wasalimie.

Wifi yako


12 Machi

Wifi Mama Vichupa,

Boksi hilo linakuja. Juu nne, chini nne, alama zote zimeandikwa, na aliyeandika ni mimi mwenyewe, si kaka yako, maana mwandiko wake unaujua.

Swali lako nimelijibu katika barua ya kwanza, nalijibu tena: sijawahi. Na hasira sina, nimezimeza.

Ile chupa ya maji safi nimekurudishia kama ilivyo, sikuifungua. Asante kwa ukarimu, lakini mtu anayeishi kijitoni haletewi maji kwa basi. Kaka yako amecheka hadi akaangusha spana.

Nasubiri. Usingizi sina, na mwenyekiti nikikutana naye njiani ananisalimia kwa sauti ya msibani.

Mama Pacha


19 Machi

Wifi,

Nimepima mara mbili, kisha nikampa mwenzangu akapima mara ya tatu bila kujua maji ni ya nani.

Maji ya juu: hakuna kitu. Chupa zote nne, mashine haikuona chochote.

Maji ya chini: dawa ipo. Oksitetrasaiklini, ile ya unga wa manjano inayouzwa kila duka la mifugo. Namba yake ni thelathini na nne. Kipimo chenyewe kisikusumbue, elewa tu kwamba juu ni sifuri na chini si sifuri.

Maji yameingia kwenye mabwawa yako yakiwa safi, yametoka yakiwa na dawa. Sijui niliseme hili kwa lugha gani nyingine. Uliniambia nikupimie kama mtu nisiyemjua, nami nimefanya hivyo. Namba hazina undugu.

Sikuandikii ili nikucheke. Nakuomba, kabla ya mkutano, nenda kwa mwenyekiti umwambie mwenyewe. Waombe upunguziwe, uachiwe hata bwawa moja. Mtu anayekiri husikilizwa. Kaka yangu ni mtu wa watu pale mtaani na sitaki aje ainamishwe kichwa mbele ya mkutano kwa jambo lililoweza kumalizwa kwa neno la pole.

Karatasi ya majibu sijaituma popote. Nimeifungia mezani kwangu.

Wifi yako


23 Machi

Wewe,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, na hii pia ilistahili kuchanwa, lakini kaka yako amesema ikiwa nitachana karatasi nyingine watoto watakosa za shule.

Nikiri nini? Nikiri nisilofanya ili kaka yako asiinamishwe kichwa? Kichwa chake nakiosha mimi, nakinyoa mimi, nakijua kuliko wewe. Tangu siku ya kwanza uliniona mimi ni mtu wa kelele na matope. Sasa umepata mashine ya kukuunga mkono.

Na hayo maji yako nilivyoyatunza! Ungeona, ungeona haya. Zile za juu maji yalikuwa maangavu kama machozi. Nikasema, haiwezekani maji mazuri hivi yafunikwe. Nikazivua ile karatasi ya rangi ya fedha mliyozifungia, nikazipangusa, nikazipanga juu ya ukuta mfupi mbele ya karakana, jua linapiga, zinametameta. Zilikaa pale siku mbili nikisubiri basi. Kila aliyeleta baiskeli nilimwonyesha: tazama maji yanayoingia kwangu, na wifi yangu wa maabara ndiye anayeyapima. Nilikuwa najivuna nawe, mjinga mimi. Za chini, zenye rangi ya tope la bwawa, niliziacha na karatasi zao ndani ya boksi, kwenye barafu, maana mgeni haonyeshwi uvungu. Siku ya safari nikazivika zile nzuri nguo zao tena ili zisivunjike njiani, nikakuletea zote zikiwa nadhifu.

Huo ndio utunzaji wa mtu unayemwita mwongo.

Karatasi yako itume unakotaka. Mabwawa yangu wakiyafukia, nitasimama ukingoni niwatazame machoni mmoja mmoja. Kwa mwenyekiti siendi.

Mke wa kaka yako


26 Machi

Wifi yangu, wifi yangu mpenzi,

Usiende popote! Usikiri kitu! Kaa hapo hapo ukiwa na hasira zako zote, tutazihitaji.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido, na nilipofika pale kwenye ukuta wa karakana nikapiga kelele hadi mkuu wa maabara akatoka ofisini na kikombe mkononi. Ile karatasi ya fedha haikuwa nguo ya safari, wifi. Ilikuwa ya kuzuia mwanga! Dawa hii jua linaiua. Ukiiweka kwenye maji maangavu, juani, inavunjika yenyewe. Chupa za kahawia zilikuwa zimetuishia, nikatumia nyeupe nikazifunga, na sikukuandikia sababu. Kwangu jambo hilo ni la kila siku kiasi kwamba sikuwahi kufikiri linahitaji kusemwa. Nani atavua chupa nguo? Sikujua kwamba kuna mtu duniani anaweza kuyaonea fahari maji ya kupimwa.

Nimehakikisha. Nilichukua maji, nikatia dawa kwa kiasi ninachokijua, nikayagawa. Chupa moja niliiweka juani bila karatasi, nyingine kabatini. Kisha nikapima. Ya kabatini iko vile vile, na ya juani haina kitu, sifuri kama zile zako.

Kwa hiyo ile sifuri ya juu ni uongo, na aliyeusema ni jua la ukutani. Yale maji mazuri huenda yalikuja kwako tayari yakiwa na dawa. Sijui bado kiasi gani. Lakini nimekuita mwongo kwa kipimo kibovu, na kipimo kilikuwa changu. Nisamehe, Mama Pacha. Nimeona aibu mbele ya wenzangu, lakini aibu niliyoiona mbele ya barua yako ni kubwa zaidi, na imenistahili.

Boksi jipya hili hapa. Chupa ni za kahawia, na hata hivyo usizivue kitu! Safari hii tupande juu. Chota sehemu nne: juu ya mabanda ya kuku yaliyo mlimani, chini ya mabanda hayo, kwenye maji yanayoingia kwako, na kwenye maji yanayotoka kwako. Vaa glavu. Mkono uliogusa dawa ukigusa mdomo wa chupa, kazi yote imeharibika. Na ile chupa ya maji safi si zawadi: ukiifungua pale kijitoni na kuifunga, nami nikiikuta haina dawa, hakuna atakayesema mikono yako au hewa ndiyo iliyotia. Hiyo ni shahidi wako.

Vua pia samaki watatu, wafunge peke yao.

Wifi yako anayejuta


1 Aprili

Wifi,

Radhi imepokelewa. Nilitaka nikuweke kidogo, nikuache uteseke walau wiki moja, lakini kaka yako ameficha kalamu akasema harudishi mpaka niseme nitaandika vizuri. Basi yameisha. Nami nakuomba radhi kwa lile la mashine ya kukuunga mkono na mengine uliyoyasoma.

Sasa sikiliza nilivyochota. Mabanda ya mlimani ni ya nani? Ya mwenyekiti! Kupita pale bila ruhusa yake haiwezekani, mbwa wake hawana adabu. Nikaenda mchana kweupe nikamwambia: mwenyekiti, nataka maji ya kijito juu na chini ya mabanda yako, wifi yangu ayapime kabla ya mkutano. Akacheka. Akasema, "Chota, mama, chota hata pipa. Mimi nina nini cha kuficha? Tena nitakuchotea mwenyewe ili kesho usije kusema nilikuwekea kitu."

Nikasema vizuri, vaa hizi. Wifi, ungemwona mwenyekiti wa kamati ya maji akihangaika na glavu! Vidole vitano, lakini kila kimoja kiliingia nyumba ya jirani. Alikuwa ametoka kuwanywesha kuku, mikono ina unga wa manjano hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia anawe kwanza kwa sabuni, mbali na kijito, nikamvalisha kama ninavyowavalisha pacha soksi. Alichota yeye, alifunga yeye, alama aliandika yeye na jina la cheo chake chini, kwa mbwembwe zote. Shahidi wa maji safi alifunguliwa mbele yake. Alisema, "Hii nayo ya nini?" Nikamwambia, "Huyu ndiye atakayesema kama tumechota vizuri." Akamwangalia yule shahidi kwa heshima.

Nilimuuliza unga ule ni nini. Akasema vitamini. Anawapa kila siku kwenye maji ya kunywa, aliyemuuzia alimwambia kuku wanakua haraka.

Wifi, sitaki kufurahi mapema. Nina hofu. Ikiwa na safari hii chini kuna dawa na juu hakuna, basi nitajua ni mimi, ingawa sijui nimefanyaje, na nitayafukia kwa mikono yangu.

Mama Pacha


10 Aprili

Wifi!

Keti chini. Mwite na kaka, mwambie aache baiskeli ya watu.

Shahidi wako: safi kabisa. Mmechota kama watu wa maabara.

Juu ya mabanda ya kuku: hakuna.
Chini ya mabanda: mia tisa na kumi.
Maji yanayoingia kwako: mia nne na ishirini.
Maji yanayotoka kwako: thelathini na mbili.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Soma kwa sauti! Yanaingia mia nne, yanatoka thelathini! Nimepima na kupima, mwenzangu amepima, mkuu wa maabara mwenyewe amevaa koti ambalo hatujamwona nalo miaka mingi, akapima. Na ile thelathini na mbili inalingana na thelathini na nne ya safari ya kwanza, kwa hiyo hata wale wanafunzi wa chuo hawakukosea. Dawa waliiona. Kosa ni kwamba hawakutazama juu zaidi.

Mabwawa yako hayatii dawa kwenye kijito. Yanaitoa! Maji yakifika kwako yanapunguza mwendo, yanatulia, ni ya kina kifupi, na jua linayapiga siku kutwa. Tope nalo linashika sehemu yake. Kile jua lilichokifanya kwenye chupa zako ukutani, linakifanya kila siku kwenye mabwawa manne, na hakuna aliyelituma. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kupima jibu tamu namna hii. Tumepiga vigelegele maabara. Mlinzi alikuja kuuliza kama kuna harusi.

Samaki nao wako salama, mabaki yapo chini sana ya kiwango kinachoruhusiwa. Lakini usiache kutoa tope, na lile tope usilipeleke shambani mpaka nilipime.

Watu watakuuliza kama maji haya yanaua. Waambie ukweli, usitie chumvi: hayaui mtu leo. Ubaya wake ni kwamba vijidudu vinavyolishwa dawa kidogo kidogo kila siku vinaizoea, na siku mtoto akiumwa kweli, dawa inakuwa kama maji tu. Na mwenyekiti msimvunje. Nina hakika hajui alichokuwa akinunua. Kama angejua, asingekuchotea mwenyewe.

Sitaweza kuja, nimepangiwa mito mingine wiki hiyo hiyo. Taarifa iliyosainiwa na mkuu hii hapa. Utaisoma wewe. Una mdomo, wifi, nao siku hiyo utumie wote.

Wifi yako anayejivuna nawe


21 Aprili

Wifi yangu,

Sauti sina, imekwisha jana, ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa.

Mkutano ulijaa hadi watu wakakaa dirishani. Na walikuja na majembe, wifi. Majembe, makoleo, toroli mbili. Waliambiwa wakishapiga kura washuke moja kwa moja kufukia, wasipoteze siku. Nilipoyaona yameegemezwa ukutani nikamtafuta kaka yako. Kaka yako alikaa nyuma, pacha mmoja kila goti, akanikonyeza. Mwanamume yule hajawahi kunikonyeza tangu uchumba.

Mwenyekiti akafungua, akasema mshitakiwa aseme lake. Nikasimama. Namba ya kwanza niliisoma, "Juu ya mabanda, hakuna," na mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, maana maji ni yake na alichota yeye. Nikasoma ya pili. Mia tisa na kumi. Nikasoma ya tatu, na ya nne, nikazirudia hizo mbili kama ulivyoniambia: yanaingia mia nne na ishirini, yanatoka thelathini na mbili. Mkunga wetu, yule mama asiyecheka, akasimama akasema, "Rudia tena, masikio yangu yamezeeka." Nikarudia. Watu wakaanza kupiga meza.

Mwenyekiti akasema haiwezekani, yeye anatumia vitamini. Akamtuma mkewe alete pakiti. Ikaja. Akavaa miwani, akasoma jina lililoandikwa pale kwa maandishi madogo, akaisoma taarifa yako, akarudi kwenye pakiti. Jina ni lile lile. Wifi, nilikuwa nimejiandaa kumsaga. Maneno nilikuwa nayo tangu Februari, nimeyanoa. Lakini nilipomwona anakunja ile miwani niliyaacha.

Akasema, "Kumbe nimekuwa nikiwapa dawa kuku wazima." Kisha akanigeukia mbele ya watu wote: "Mama Pacha, nilitaka kukufukia mabwawa kwa uchafu unaotoka kwangu. Wewe umekuwa ukinisafishia, nami nikakuita mchafu." Akasema pakiti hiyo ndiyo ya mwisho mpaka daktari wa mifugo aje amwelekeze. Ukumbi ulilipuka. Nimebebwa, wifi. Mimi na uzito huu! Wanawake wa sokoni wamenibeba kunizungusha ukumbi mzima, pacha wanapiga kelele "Mama yetu! Mama yetu!", na kaka yako analia bila kujificha.

Mkunga akauliza, sasa haya majembe tuliyobeba turudi nayo nyumbani? Mwenyekiti akasema hapana. Akauliza iwapo bwawa kama haya yangu, likichimbwa chini ya mabanda yake, lingeweza kuyashika maji kabla hayajafika kijitoni. Nikasema mimi si mtaalamu, nitamuuliza wifi yangu, lakini shimo halijawahi kumdhuru mtu. Basi tukapanda mlima, kundi zima, toroli na makoleo. Watu waliokuja kufukia wameshinda wakichimba. Akanipa mimi nichague mahali, akanipa na jembe la kwanza nipige, nami nimelipiga kwa nguvu zote nilizokuwa nimewawekea.

Leo nimeamka kabla ya wote nikaenda kukaa ukingoni. Mabwawa yapo, yote manne. Nimelia, nikacheka peke yangu, nikalia tena, kisha nikawalisha samaki.

Njoo. Usitume salamu kwa kaka yako, njoo mwenyewe.

Mama Pacha